Usikimbilie vanishi: ubao uliochorwa unaozea mgongoni na kwenye kingo

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Jambiani, Unguja, mwenye nyumba ndogo ya wageni inayotazama bahari. Mwaka jana alimleta mchoraji wa tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, akamchorea ubao wa plaiwudi wenye jina la nyumba, pembeni samaki, kasa na mbuyu, na mabenchi mawili ya mwembe akayachora kwenye egemeo. Masika yamepita, sasa ubao una malengelenge upande wa chini, nyekundu imekuwa pinki, na miguu ya mabenchi inabanduka rangi. Dukani wamemwambia apake vanishi ya kung'aa juu ya picha basi yameisha. Anauliza anunue vanishi gani, apige msasa au asipige, na kama picha bado inaokoleka.

Dada, inaokoleka. Nimeziangalia picha ulizotuma moja moja, sehemu kubwa ya mchoro bado imeshika, kasa hajaguswa kabisa, na mbuyu umeharibika shina tu kule chini. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia ufute uanze upya. Ila na vanishi usinunue kwanza, hiyo hela ishike, maana ukipaka leo kama ulivyoambiwa utaufunga ugonjwa ndani na masika ijayo itaondoka vanishi pamoja na picha yenyewe.

Kwenye ile picha uliyopiga kwa ubavuni naona mgongo wa ubao ni plaiwudi tupu, haujapakwa hata koti moja la rangi, na ukingo wa chini ule msumeno ulipokata umefunguka, tabaka za plaiwudi zinaonekana zimeanza kuachana. Hapo ndo penye shida yako yote. Watu wengi wanadhani mvua inaipiga picha kwa mbele ndo inaiharibu, lakini rangi ya mafuta kwa mbele inazuia maji vizuri tu. Maji yanaingilia nyuma na kwenye kingo, na pale msumeno ulipokata mbao inakunywa maji kwa kasi mara nyingi kuliko ubapa wake kwa sababu ile mirija ya mti imekatwa midomo iko wazi. Yakishaingia yanatulia humo, asubuhi jua la bahari linapiga mbele, mbao inapata moto, ule unyevu unageuka mvuke unatafuta pa kutokea, unakutana na rangi imeziba, unaisukuma. Lengelenge limezaliwa. Chini ndo kunaanza kwa sababu maji yote yanayoteremka kwenye ubao yanaishia kuning'inia kwenye ukingo wa chini na kunyonywa taratibu hata mvua ikishakatika.

Usiniamini kwa maneno, pima mwenyewe. Chukua kile kipande cha rangi kilichobanduka kwenye shina la mbuyu, kigeuze uangalie mgongo wake kwenye mwanga, ikiwezekana kwa lenzi au kamera ya simu ukivuta karibu. Ukikuta kuna nyuzi nyuzi za mbao zimeganda nyuma, au pale kilipotoka pamebaki mbao tupu ya kahawia, ujue maji yametokea nyuma. Ukikuta nyuma ni rangi safi na kwenye ubao pamebaki rangi nyingine chini yake, hapo ni matabaka hayakushikana, pengine koti la pili lilipakwa juu ya vumbi la chumvi au juu ya koti ambalo halijakauka. Dawa ya haya mawili ni tofauti kabisa na ndo maana mtu akikuuzia kopo bila kuuliza rangi yako inabandukaje mimi naona hajakusaidia.

Alafu kuna jambo la hizi picha zenyewe. Tingatinga haikuzaliwa kwa ajili ya kukaa mvuani. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alichorea kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa inayopakwa hata baiskeli, na picha zilikuwa za kutundika ukutani ndani ya nyumba. Alifariki 1972 na waliomfuata wakaendelea na rangi ileile, na ni rangi nzuri kweli, ngumu, inang'aa, lakini mchoraji anaizimua iwe nyepesi ili brashi nyembamba itembee kwenye magamba ya samaki na zile nukta nukta, na rangi ikizimuliwa sana ile gundi yake inapungua, inabaki ngozi nyembamba ambayo nje haina ubavu. Simlaumu mchoraji wako, kazi aliyofanya ni ya mkono mzuri, alichokosa ni seremala na fundi rangi wa kumwandalia ubao kabla hajaugusa.

Sasa tuingie kazini. Ushushe ubao, uuingize bandani penye kivuli na hewa, usimame kwa ubavu usilale, na uache ukauke angalau wiki mbili, tatu ni bora. Usiuanike juani eti ukauke haraka, utapinda na malengelenge yataongezeka. Kabla hata ya kukauka uoshe kwa maji ya kisima au ya bomba yasiyo na chumvi, sponji laini na sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili. Hii kazi ya kuosha watu wanaidharau sana ila kwa sie wa pwani ndo nusu ya mambo, chumvi ikibaki juu ya mbao inavuta unyevu wa hewani usiku na mchana, na rangi yoyote utakayopaka juu ya chumvi itabanduka hata iwe ya bei gani. Pitisha kidole kikavu ulambe, ukisikia chumvi rudia. Kama mgongoni kuna ukungu mweusi, ufute kwa maji yenye jiki kidogo, mgongoni tu, kwa mbele usiiguse na jiki maana inaweza kuchukua rangi.

Ukishakauka, malengelenge usiyapasue yote kwa hasira. Yale ambayo ngozi ya rangi bado nzima na ina mchoro, ichane kidogo kwa wembe kwenye mstari wa mchoro usioonekana, ingiza kwa brashi ndogo gundi nyeupe ya mbao ile inayostahimili maji ukiwa umeizimua kidogo, bonyeza taratibu, weka nailoni juu, kisha kitu kizito chenye ubapa, uache mpaka kesho yake. Iliyokwishakatika na kuwa unga, ondoa mpaka ukutane na rangi iliyoshika. Hapo ndo msasa unaingia, namba 240 au zaidi, na unapiga pale tu palipo na mbao tupu na ukingo wa rangi unaopakana nayo ili usibaki ngazi. Juu ya mchoro mzima usipige msasa hata kidogo, ile ngozi ni nyembamba mno, mipigo michache tu unamla samaki macho. Na kama benchi au mlango wowote una rangi ya miaka mingi iliyopita usiupige msasa mkavu watoto wakiwa karibu, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, lowesha msasa na vaa barakoa.

Kingo ndo mahali pa kutumia hela yako. Zungushia msasa pembe zote nne mpaka ziwe mviringo kidogo, pembe kali rangi haikai, inakimbia yenyewe ikiwa mbichi na kuacha pembeni wembamba wa kupasuka. Kama seremala wako anaweza, ukingo wa juu akate mteremko kuelekea nyuma ili maji yasitulie. Palipoachana tabaka ingiza gundi ubane kwa klempu. Alafu kingo zote nne zinyweshwe: njia nzuri kuliko zote ni epoksi nyepesi, ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili ikaganda ngumu, waulize mafundi wa boti za faiba, unapaka, inanyonywa, unapaka tena mpaka ukingo ugome kunywa. Ukikosa epoksi tumia praima (rangi ya kwanza ya chini) ya mbao, ya mafuta, koti la kwanza limezimuliwa kwa tapentaini ili liingie ndani, mawili yanayofuata mazito. Epoksi usiiache wazi, jua linaimaliza, lazima ipakwe rangi juu. Mgongo nao upate praima moja na rangi ya mafuta ya nje koti mbili, rangi yoyote, hata mabaki ya kopo la geti lako. Mgongo uliopakwa sawa na mbele unafanya ubao upumue sawa pande zote na hautapinda.

Nakuonya kwa dhati kuhusu oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini. Najua huko kila mtu anaipaka nyuma ya mbao kwa ajili ya mchwa, lakini kwenye ubao wenye picha usithubutu, inapenya mpaka mbele inatoa madoa ya kahawia, na ikishaingia hakuna praima itakayoshika tena. Tumia dawa ya mchwa ya mbao inayokauka, isubiri ikauke kabisa ndo praima.

Hili la kila sehemu kupata kinga yake wala si jipya, mafundi wa majahazi wameliishi zamani: chini ya maji wanapaka deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, juu ya maji wanapaka sifa, mafuta ya papa, na kwenye maungio wanapiga kalafati, nyuzi za pamba za kuziba. Hakuna aliyefikiria kopo moja la kupaka kila mahali.

Nyekundu yako sasa. Iliyogeuka pinki haitarudi, ni jua limeila, na vanishi haiwezi kurudisha rangi iliyokufa. Nyekundu kali na pinki na zambarau na baadhi ya njano zinatengenezwa kwa rangi za kikemikali ambazo nyingine hazivumilii jua, wakati nyeusi, nyeupe, kahawia, manjano ya udongo na ile nyekundu ya kutu wanayopaka mabati zinatokana na madini au masizi na zinakaa miaka. Kwa hiyo mwite mchoraji arudie nyekundu, mwambie aanze na nyekundu ya kutu kama msingi kisha nyekundu kali juu yake, ili ile ya juu ikipauka huko mbele chini bado paonekane pana wekundu. Akichanganya nyekundu na nyeupe nyingi kupata pinki aelewe ndo ya kwanza kuondoka, apunguze. Na amalizie kwa kopo la rangi ya nje, asizimue kwa thina ile ya magari, ikigusa rangi ya mafuta ya zamani inaikunjakunja yote. Tapentaini tu.

Akimaliza, subiri. Rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake utaona imekauka lakini ndani bado mbichi, inaendelea kukomaa wiki tatu nne, na kwa unyevu wa pwani hata zaidi. Ukiifunika na vanishi kabla, inakunjika au inapasuka nyufa ndogo ndogo. Bonyeza ukucha sehemu isiyoonekana, ukiacha alama bado.

Ndo tunafika kwenye vanishi uliyoiulizia. Vanishi ya ndani, ile ngumu ya meza na milango ya chumbani, achana nayo kabisa hata kama ni rahisi, inakauka ngumu kama kioo na mbao ya nje inatanuka na kusinyaa kila siku, kwa hiyo inapasuka, maji yanaingia chini ya vanishi, yanageuka weupe, na siku ya kuikwangua inaondoka na mchoro. Nimeona michoro mingi ikifa kwa vanishi mbaya, na kwa kweli kama chaguo lako ni vanishi ya bei ya chini au kuacha picha bila kitu, iache bila kitu, rangi ya mafuta peke yake itachoka taratibu, itatoa unga, utaiosha na mchoraji ataigusia.

Zinazofaa ni aina mbili. Ya kwanza ni vanishi ya boti, ina mafuta zaidi, inanyumbulika, na kwenye kopo imeandikwa inazuia UV, yaani ile mionzi ya jua inayokula rangi. Ubaya wake ina unjano na unaongezeka kadiri miaka inavyoenda, nyeupe inakuwa rangi ya krimu na bluu ya bahari inavuta kijani. Ya pili ni ya maji, akriliki, ya nje, nayo iwe na kinga ya UV, hii haigeuki njano. Kwa ubao wako wenye bluu na nyeupe nyingi hivyo mimi ningechukua ya maji. Ila ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta yenye mng'aro mkali, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni kona ya chini: paka, acha wiki, kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika seloteipu ibonyeze vizuri, ivute kwa ghafla. Ikitoka na vanishi rudi kwenye ya boti.

Paka asubuhi umande ukishakauka, jua halijawa kali, na usipake baada ya alasiri maana usiku unyevu unaikuta mbichi inapata ukungu mweupe. Koti la kwanza jepesi, kisha mengine mawili, kati ya koti na koti sasa unaruhusiwa msasa laini wa 400 kwa maji, mkono mwepesi, unakwangua vanishi si picha. Chagua ya kung'aa, zile zisizong'aa zimetiwa unga wa kufifisha mng'aro na nje zinachoka mapema. Kingo zipate koti moja zaidi. Ile kinga ya UV inaliwa na jua kidogo kidogo, haikai milele, kwa hiyo kila mwaka mwezi wa pili kabla ya masika osha ubao kwa maji yasiyo na chumvi, ukiona mng'aro umepungua piga msasa laini na koti moja. Usisubiri ipasuke. Hiyo koti moja ya mwaka ni kazi ya asubuhi moja na ndo inayotofautisha ubao wa miaka kumi na ubao wa miaka miwili.

Kuhusu kuutundika. Pale ulipo sasa unatazama mashariki, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likianza linauletea chumvi na mchanga usoni moja kwa moja. Ukiweza uhamishie chini ya kibaraza, hata paa dogo la kutokeza sentimita 40 linasaidia kuliko vanishi yoyote. Ukuta unaotazama kusini una jua dogo kuliko mingine, maana Unguja ipo nyuzi 6 kusini mwa ikweta na kuanzia kama Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, lakini kusini kusi linapiga, kwa hiyo pawe na paa. Usiuweke chini ya mchirizi wa makuti, maji ya makuti yanateremka na rangi ya chai na yanaacha michirizi ya kahawia kwenye nyeupe ambayo haitoki. Usiubane ukutani, weka vipande vya mbao au mpira nyuma upate nafasi ya sentimita mbili hewa ipite. Skrubu zile za chuma za kawaida zitoe zote, ile michirizi ya kutu niliyoiona kwenye jicho la samaki inatokana nazo, nunua za stenlesi namba 316, ndo inayostahimili bahari, au za shaba, na kila tundu litie rangi au silikoni ndani kabla ya kuingiza skrubu.

Mabenchi ni habari nyingine. Mwembe ni mbao inayokunywa maji na kuoza upesi ikiwa nje, na miguu yako imesimama mchangani, yaani ile sehemu iliyokatwa na msumeno ndo imekaa kwenye maji. Yalaze chali, kausha, kata sentimita moja iliyooza, simamisha ncha ya kila mguu kwenye kopo lenye epoksi au praima nyepesi usiku kucha inywe, kisha pigilia chini kipande cha plastiki ngumu, ubao wa kukatia nyama wa plastiki uliochakaa unafaa sana. Kalio la benchi usiweke picha wala vanishi, makalio na mchanga vitaikwangua kabla ya mwezi, paka rangi ya nje ya kawaida rangi moja ambayo utairudia mwenyewe kila mwaka. Mchoro ubaki kwenye egemeo, na juu ya egemeo lile ukingo wa juu uchunge kama ubao, ndo unaopokea mvua. Usiku na mvua ikinyesha yaegemeze ndani kama kuna mtu wa kuyabeba.

Kwa ratiba, sasa tupo kwenye kusi, hewa ni kavu kuliko masika ila upepo una mchanga, kwa hiyo vanishi na rangi zote paka ukiwa ndani ya banda milango imefungwa upande wa bahari. Ukianza wiki hii, wiki tatu za kukausha, wiki moja ya kingo na mgongo, mchoraji siku chache, mwezi wa kusubiri, utapaka vanishi mwishoni mwa Septemba na ubao utarudi ukutani kabla vuli haijaanza. Nitumie picha ya kingo baada ya koti la kwanza la praima, nataka kuona kama plaiwudi imekunywa au imegoma, na kama si plaiwudi ya nje bali ile ya kabati tutaongea na seremala aizungushie fremu ya mtiki kabla mchoraji hajaja.